Mdogo Wangu Alipewa Sindano, Mimi Nikapewa Maneno

Nianze na jambo lenyewe, maana mimi nikifungua mdomo huwa naingia kila nyumba ya njiani kabla sijafika ninakokwenda. Tulipimwa vichwa, mimi na mdogo wangu, siku moja, chumba kimoja, kofia moja. Yeye akapewa sindano. Mimi nikapewa maneno. Na mwenye goti bovu ni mimi.

Hilo goti ulishike vizuri, ndilo lililonipeleka kote huko. Ni la kulia. Daktari wa mifupa hapa Shinyanga mjini alilipiga picha, akaninyooshea picha yenyewe dirishani kama mtu anayekagua noti, akasema limesagika, linataka kisu. Lakini kisu hakiji mpaka mwili upungue. "Mama, kwa uzito huu siwezi kukufungua. Punguza, kisha rudi." Akasema hivyo kama mtu anayekwambia kamwage maji ya beseni, urudi. Tangu hapo natembea na fimbo kutoka kitandani hadi barazani, na kanisani naletewa matangazo na majirani. Soko la Ngokolo nalisikia tu kwa masikio. Mdogo wangu hana goti. Ana presha kidogo, na presha siku hizi nani hana?

Unene wenyewe kwetu haukuwa ugonjwa, wala usidhani najitetea. Nilipoolewa nilikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia ng'ombe, na mama mkwe alinitazama akaguna. Nilivyoanza kujaa, marehemu mume wangu akawa ananitanguliza njiani ili watu waone nyumba yake ina chakula. Miaka yote hiyo nasifiwa, halafu mtoto wa juzi mwenye koti jeupe ananiambia ile sifa ilikuwa maradhi. Sikatai. Nasema tu kwamba inauma.

Sasa mdogo wangu. Tumefuatana, mimi kisha yeye. Yeye anakaa Segese, huko kwenye machimbo, ana kibanda cha chakula anawapikia wachimbaji na wale wa makarasha ya kusaga mawe. Mnene kama mimi, ila yeye unene wake ulikaa vizuri, nyuma na mapajani, mimi ukakaa tumboni. Hata hapo Mungu aligawa akimtazama yeye.

Tulipokuwa wadogo wasichana wote tulikula bakuli moja. Mboga kidogo, vidole vingi. Ukitafuna umechelewa, kwa hiyo mimi nilijifunza kumeza. Yeye alikuwa na vidole vyepesi, anachota huku anacheka, na mama akitokea anakuta mimi ndiye nimejaza mdomo. Nachapwa mimi. Yeye anaambiwa, "Mwanangu, umeshiba kweli?" Mpaka leo nikisikia anakula, hata kwenye simu, ile sauti ya kutafuna, mkono wangu unatafuta kitu.

Turudi kwenye vichwa. Walikuja watu wa utafiti, wakaomba chumba kwenye zahanati moja hapa mjini, wakawa wanatafuta kina mama wanene wanaotaka kupungua. Daktari wao alikuwa mwanamke kijana, mpole, anaongea taratibu kama anaogopa kukuamsha. Alituambia hivi, na nilimwelewa ingawa nimeishia darasa la nne: watu wanene si wamoja. Kuna ambaye akiona chakula tu, kichwa chake kinapiga kelele, hata kama tumbo limejaa. Kuna mwingine kichwa kimetulia, ila mkono umezoea, au anakula kwa uchungu, au kwa sababu wenzake wanakula. Ukiwapa wote dawa moja, mmoja atapona na mwingine utamsumbua bure. Kwa hiyo wao wanapima umeme mdogo ulioko kwenye ubongo, kisha kila mtu anapewa tiba ya kichwa chake.

"Una umeme kichwani?" mama mmoja akauliza.

"Sote tunao, mama."

"Basi mimi wangu wamekata."

Tukacheka. Lakini mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, ile dawa ya wenye kelele. Ilikuwa sindano, mara moja kwa wiki, na alisema inapunguza ile kelele mtu akala kidogo akaridhika. Nikajisemea, hiyo ndiyo yangu. Hiyo ndiyo itanifikisha kwenye kisu.

Na hapa nilifanya kosa langu la kwanza. Niliogopa zile nyaya. Nikampigia mdogo wangu simu: "Njoo tupimwe wote, nisife peke yangu." Mimi mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono.

Alifika jioni ya kuamkia vipimo, amebeba kikapu. "Shikamoo dada." "Marahaba, ingia." Ndani ya kikapu kulikuwa na michembe. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kokoto, kisha ukitaka unavichemsha, na kwa karanga ndiyo utamu wake wote. Aliichemsha palepale na karanga za kuponda, nyumba ikanukia utoto. Lakini tulikuwa tumekatazwa kula tangu jioni mpaka tupimwe. Akafunika sufuria, akasema, "Kesho tukirudi, dada, tutakula mpaka tusahau njia."

Asubuhi akaenda kuoga. Mimi nimekaa jikoni, sufuria iko mbele yangu.

Nitasema yote mawili, uchague mwenyewe. La kwanza ni malezi. Mama yetu hakuruhusu mtoto wake atoke kwenda kwa watu na njaa. Ungekwenda kusalimu, ungekwenda msibani, hata ungekwenda kuomba moto kwa jirani, kwanza unalishwa, usije ukafika huko ukaanza kuchungulia vyungu vya watu na kuiaibisha nyumba. Wasukuma wengi wa umri wangu wamelelewa hivyo. Na hawa watu walisema wazi wataonyesha picha za chakula! Nikaona aibu mapema. Mtu mzima na kiherehere cha macho mbele ya mtoto yule mpole? Bora niende nimetulia.

La pili ni kwamba nilimsikia bafuni anaimba. Ana furaha. Nikajua tukirudi atachota yeye kwanza, na vidole vyake vile.

Nikala. Nilianza na kimoja, cha kuonja chumvi. Halafu nikala kama tulivyokula bakulini, bila kutafuna sana. Aliponyamaza kuimba nilikuwa nafuta sufuria kwa kidole.

Akatoka amejifunga kanga, akafunua. "Dada, michembe iko wapi?"

"Nimempa jirani. Alikuja na watoto wana njaa."

"Yote?"

"Wana njaa, nimekwambia."

Akasimama na mfuniko mkononi. "Mwenzio nilitaka niibe hata kimoja. Nimelala na njaa mpaka tumbo linanguruma kama karasha." Akacheka, akaenda kuvaa. Hakuniuliza tena.

Zahanati ilikuwa na kazi yake nyingine: nywele. Nilikuwa nimesuka twende kilioni, nzuri, mbichi, siku mbili tu, na daktari akasema nyaya lazima ziguse ngozi. Zikafumuliwa zote. Mdogo wangu alikuja na nywele fupi amezichana tu, akaingia bila kuguswa. Nalitaja hilo kwa sababu liliniudhi, si kwa sababu lina maana.

Kofia ni kama ya kuogelea, ina matundu, na kila tundu wanatia uji mzito wa baridi. Kabla hajawasha daktari akaniuliza, "Mama, umekula au kunywa chochote tangu jana jioni?"

"Hata mate sijameza vizuri."

Akaandika.

Picha zikaanza kupita kwenye kioo. Kiti. Pilau. Ndoo. Sato wa kukaanga, amelala na limao. Mwavuli. Chipsi mayai. Nilizitazama zote kama mtu anayetazama barabara. Nilikuwa nimeshiba, karanga zimetulia, na kile kiti laini! Nakumbuka niliona maandazi nikawaza kwamba yule aliyeyapika hakuyageuza vizuri. Basi. Nilijisifu moyoni kwamba mama yangu angejivunia.

Akaingia mdogo wangu. Nilikuwa nje kwenye benchi, na nikamsikia anapiga kelele: "Jamani, huyo samaki! Mwondoeni au mniletee!" Akatoka anafuta mdomo, machozi ya kicheko. "Dada, nimeaibika. Nimemeza mate mpaka daktari amenisikia."

Nikamwambia, "Ndiyo matokeo ya kutojizuia." Nilisema hivyo, mdomo huuhuu.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili. Daktari aliniita kwanza. Akaniambia kichwa changu hakishtuki kwa chakula, kimetulia hata kuliko alivyotarajia, kwa hiyo sindano haitanisaidia. Mimi tiba yangu ni kubadili ulaji. Nile kwenye sahani yangu mwenyewe, ndogo, peke yangu, polepole, na kila nikila niseme kwanza kwa nini ninakula. Peke yangu! Kwetu anayekula peke yake ni mchawi au mgonjwa wa kuambukiza. Nilitoka pale nimepigwa.

Mdogo wangu akatoka nyuma yangu, ameshika boksi dogo la baridi kama la kubebea chanjo. Hakujua afurahi au asifurahi. "Dada, wamesema kichwa changu kina fujo sana."

"Hongera," nikasema. Lilitoka kavu.

Wewe msomaji labda una moyo mweupe. Mimi wangu ulibadilika rangi miezi ile. Kila alipokuja kuongezewa sindano alikuwa amepungua. Kwanza uso ukatoka, ule uso wa zamani, wenye mashavu ya juu ambayo nilikuwa nimeyasahau na sikutaka kuyakumbuka. Kisha kitenge kikaanza kumzunguka mara mbili. Akapanda ngazi za baraza langu bila kushika ukuta, na mimi nimekaa na fimbo yangu namtazama akipanda. Majirani wakawa wanatoka kumwona. "Mayu, mama wewe, umekuwa binti!" Ananunuliwa soda, anakunywa mafunda mawili anaacha. Anaacha! Soda nzima inabaki inatoa povu mezani, na mimi nakodoa macho.

Mimi nilikula ile sahani ndogo siku nne. Ya tano nikaongeza, ya sita nikairudisha kabatini. Sikuona sababu ya kujitesa kwa tiba ya maneno ilhali yangu ya kweli inachomwa kwenye paja la mwenzangu.

Na kuna hili, ambalo sikumwambia padri. Jirani mmoja, mwanamke wa maneno, mwenye ndugu Segese, aliniuliza, "Mdogo wako anaumwa nini? Mbona anaisha?" Hapa kwetu mtu akikonda ghafla watu hawafikirii dawa ya unene, wanafikiria mengine. Ningesema neno moja, sindano, yangeisha. Nikaangalia juu, nikasema, "Mungu ndiye anayejua." Na nikahema, kabisa, ile pumzi ya msiba.

Pumzi ile ilisafiri mpaka machimboni kabla ya wiki kwisha.

Nilijuaje? Aliniita. Alikuwa na shughuli ya kuezeka kibanda upya, akataka nimsimamie. Nikaenda, mguu nimeunyoosha basi zima kupitia Kahama. Nilifika saa ya chakula cha mchana, saa ambayo kibanda kile huwa hakina pa kukanyaga, watu wametoka duarani, kule mashimoni, na vumbi mpaka kwenye kope. Nikakuta benchi moja lina watu. Mengine matupu.

"Wako wapi wateja?" nikamuuliza.

"Wamehamia kwa mwenzangu kule mbele. Wanasema mpishi anaumwa, wanaogopa."

Mchimbaji mmoja pale bencheni akaropoka huku anatafuna, "Mama lishe, sisi tuliobaki ni waumini. Ila useme kweli, tuendelee kula au tuanze kukuombea?"

"Kula, mwanangu. Nikifa nitakufa na deni lako la sahani ya jana."

Wakacheka. Yeye pia. Lakini alipogeuka kuchota maharage nilimwona uso, na haukuwa unacheka.

Wakaondoka. Akapakua ugali na dagaa sahani moja, akaketi upande wa pili, kama zamani. "Tule, dada." Nikanawa haraka. Nikamega tonge la kwanza, la pili, la tatu, nameza, kichwa kimeinama, mbio zilezile. Kwenye la nne nikaona kwamba mkono wake haumo kwenye sahani. Umepumzika pembeni. Alikuwa amekula matonge mawili.

"Mbona huli?"

"Nimetosheka. Maliza tu, yote yako."

Sijui nitakuelezaje. Sahani nzima yangu, miaka sitini naitaka hivyo, na tonge likanigandia mkononi. Halikuwa na ladha. Dagaa walikuwa wazuri, chumvi ipo, pilipili ipo. Ila hakukuwa na wa kumshinda. Nikalirudisha tonge sahanini, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nipewe jina.

Nikamwambia yote palepale. Michembe, uongo kuhusu jirani na watoto wake, uongo niliomwambia daktari. Kisha ile pumzi, na jina la yule mwanamke niliyempumulia.

Kwa michembe alicheka mpaka akashika nguzo. "Kwa hiyo ungenibakizia hata kiganja, nami ningeshiba, na sindano ningeikosa?"

"Ndiyo."

"Ulaji wako ndio umenipa sindano!"

"Usinikumbushe."

Kwa pumzi hakucheka. Akakusanya vyombo, akaosha kila kimoja, akakifuta, akakipanga, na mimi nimekaa kama mtoto anayesubiri fimbo. Mwisho akasema bila kunitazama, "Kesho mchana wakipita hapa, utasimama hapo njiani na fimbo yako, utawaambia wewe mwenyewe ninachomwa sindano ya nini. Kwa sauti."

Nikasimama. Goti linawaka, jua linawaka, vumbi la magari ya mawe linanipiga usoni, na mimi natangaza mambo ya mdogo wangu kama muuza sumu ya panya. "Haumwi huyu! Ni dawa ya unene! Mimi ni dada yake, tazameni, tulikuwa sawa hivi!" Wachimbaji walinizunguka. Mmoja akauliza, "Na wewe bibi, yako iko wapi?" Nikamwambia nilikula michembe. Walicheka hata wasioelewa. Siku ile mabenchi mawili yalijaa, na kesho yake nikaondoka yakiwa matatu.

Nilipofika mjini nilikwenda kwa daktari wa vichwa kabla ya kwenda nyumbani, maana ningelala ningebadili nia. Hakunifokea. Aliniambia kichwa cha aliyeshiba na cha mwenye njaa havisomwi sawa, na kwamba ndiyo maana walituuliza. Akanipangia siku nyingine. Safari hii nililala na njaa kweli, nikafumua nywele mwenyewe, na nilipofika nilikuwa naona nyota.

Nitakuwa muwazi, nilikwenda na tumaini lilelile. Niliwaza, sasa kelele itasikika, nitapata boksi langu la baridi.

Picha zikapita. Kiti, pilau, sato yuleyule na limao lake. Tumbo lilinguruma, nilimeza mate, nikafurahi kumeza.

Majibu: kichwa kilishtuka kidogo zaidi kuliko mwanzo. Kidogo. Si kama cha mdogo wangu. "Mama," akasema, "kelele ambayo ile sindano inaipunguza, kwako haipo. Tiba yako bado ni ile niliyokupa."

Kisha nikamuuliza, "Mwanangu, kwenye hizo picha zenu, mna hata moja ya mdogo wangu akila?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akavuta karatasi, akaandika jambo refu ambalo hakunisomea.

Sahani ndogo nimeitoa kabatini. Nakula peke yangu, mlango nimeufungua ili majirani wasiseme. Kabla sijala nasema kwa nini ninakula, kwa sauti, kama nilivyofundishwa, na siku nyingine jibu linakuwa "kwa sababu mdogo wangu kapiga simu," na hapo naacha, naenda kukaa barazani mpaka hamu ipite. Mzani umeshuka. Si sana. Daktari wa mifupa kaniambia tukiendelea hivi tutazungumza tena mvua zikiisha. Yeye mdogo wangu ameshuka zaidi, usiniulize kwa kiasi gani, ninajua na sitaki kusema.

Juzi alipiga. "Dada, siku ya kisu nitakuja kukuuguza. Nije na michembe?"

"Njoo nayo," nikamwambia. "Ila gawa mwenyewe, kila mtu bakuli lake. Na langu ulifunike mpaka nitakaposema."